Kimbunga Kinapowapa Kazi Mafundi wa Yoti

Ifikapo Juni, wasafiri wa Ulaya na Amerika Kaskazini wanaozunguka visiwa vya Karibiani kwa yoti za tanga huanza kuteremka kusini. Msimu wa vimbunga hudumu hadi mwisho wa Novemba, na kampuni nyingi za bima hazifidii chombo kilichobaki kwenye njia ya kimbunga. Wengi huishia Grenada, au Chaguaramas huko Trinidad, palipokuwa na kambi ya jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Yoti hunyanyuliwa kwa mtambo wenye mikanda, huoshwa na kuegemezwa kwenye nguzo za chuma, kisha mwenyewe hupanda ndege kurudi kwao.

Gharama zimeshaanza. Kupandisha chombo hulipiwa kwa urefu wake, na kukilaza nchi kavu kwa urefu na siku. Lakini fedha nzito imo katika ufundi. Yoti nyingi ni za faiba, na faiba iliyokaa majini miaka mingi hunywa maji. Bodi hutoka malengelenge. Ukiyatoboa hutoa majimaji yanayonuka siki. Tiba yake ni kuparua tabaka la juu, kuiacha bodi ikauke kwa miezi, ndipo ipakwe epoksi. Tatizo ni kwamba msimu wa vimbunga Trinidad ndio pia msimu wa mvua. Pasipo turubai na mashine za kukaushia, kazi hupitiliza msimu na kodi ya uwanja inazidi kupanda. Kuna pia nyaya zinazoshikilia mlingoti: watu wa bima hutaka zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hivi, hata kama zinaonekana nzima.

Trinidad iliwavuta wateja kwa jambo moja la busara: vipuri vya yoti iliyo safarini huingia bila ushuru. Kwa maoni yangu, hilo limewafaa mafundi kuliko tangazo lolote. Korona ilipofunga mipaka ya Trinidad kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2021, wateja walielekea Grenada. Nayo Grenada haina kinga kamili: kimbunga Ivan kiliipiga mwaka 2004, na tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliziharibu yoti zilizojificha kwenye mikoko ya kisiwa chake cha Carriacou.

Bahari ya Hindi nayo ina wasafiri wa namna hiyo, na kati ya Novemba na Aprili hukwepa vimbunga vya Madagaska na Morisi. Kilifi, Mombasa na Tanga zipo karibu na ikweta, ambako vimbunga ni nadra, ingawa kimbunga Hidaya kilifika hadi kisiwa cha Mafia Mei 2024. Mafundi wa faiba tunao. Ndio wanaounda na kuziba boti za uvuvi na za watalii. Ninachoziomba mamlaka za forodha za Kenya na Tanzania ni kwamba kipuri cha chombo kilicho safarini kitoke bandarini kwa siku chache, bila ushuru na bila mwenyewe kuzungushwa ofisi hadi ofisi.