William Onyeabor: Mkali wa vinanda vya umeme aliyegoma kuongelea muziki wake

Mwaka 2014 kundi la wanamuziki wenye majina makubwa lilipanda jukwaani London, kisha New York, kupiga nyimbo za mzee mmoja wa Nigeria.

Kwa nyakati tofauti walishiriki David Byrne aliyetamba na Talking Heads, Damon Albarn wa Blur na Gorillaz, na Alexis Taylor wa Hot Chip. Aliyeongoza bendi ni Ahmed Gallab, anayejulikana kama Sinkane, kijana mwenye asili ya Sudan.

Mwenye nyimbo hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwake Enugu, kusini mashariki mwa Nigeria, na habari za muziki wake wa zamani hakutaka hata kuzisikia.

Mzee huyo ni William Onyeabor. Kama hujawahi kumsikia usijilaumu, maana hata wapenzi wakubwa wa muziki wa Afrika walichelewa kumjua.

Alikuwa nani hasa?

Onyeabor alizaliwa Machi 1946. Alikuwa na miaka 21 hivi vita vya Biafra vilipoanza mwaka 1967, na Enugu ndiyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya Biafra. Vita viliisha Januari 1970 vikiwa vimeua watu wengi mno, wengi wao kwa njaa.

Miaka saba baadaye, 1977, akatoa albamu yake ya kwanza, Crashes in Love.

Huo ulikuwa mwaka wa makelele Nigeria. Pesa za mafuta zilikuwa zinamwagika, Lagos iliandaa tamasha kubwa la FESTAC, na mwezi Februari wanajeshi wakavamia na kuchoma makazi ya Fela Kuti. Macho yote yalikuwa Lagos.

Onyeabor yeye alibaki zake Enugu akijenga kitu ambacho wanamuziki wachache wa Afrika walikuwa nacho enzi hizo: studio yake mwenyewe, lebo yake mwenyewe iliyoitwa Wilfilms, na mitambo yake mwenyewe ya kutengeneza santuri.

Hebu fikiria maana yake. Hakuwa na bosi wa kumwambia wimbo ni mrefu mno, wala wa kumuuliza hizi sauti za ajabu ni za nini. Alitunga, akarekodi, akachapa santuri na kuzisambaza. Kati ya 1977 na 1985 alitoa albamu 8 kwa mtindo huo.

Mashine zilizoimba

Kilichomtofautisha ni sinthesaiza, vile vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme. Wakati huo vilikuwa ghali na havipatikani hovyo. Kwenye picha za majalada ya santuri anaonekana amevaa suti nadhifu, mara nyingine na kofia ya kicheza ng'ombe, amezungukwa na mitambo kama rubani.

Nyimbo zake zinajengwa taratibu. Ngoma ya mashine inaanza na haibadiliki, besi inaingia, kinanda kimoja kinazunguka palepale, kingine kinapiga mluzi juu yake. Kisha sauti yake, nzito na ya upole, karibu kama anaongea. Wanawake wanamwitikia. Dakika zinapita, na nyimbo nyingine zinafika dakika 10 au zaidi.

Ukisikiliza mara ya kwanza unaweza kudhani wimbo umekwama. Ukifika dakika ya sita, kichwa kinatikisika chenyewe.

Siyo Afrobeat ya Fela, siyo highlife ya vilabuni. Ina ufanki wa Marekani ndani yake, lakini ile subira ya kurudia kitu kimoja ndiyo baadaye ilizoeleka kwenye muziki wa disko za usiku huko Ulaya na Marekani. Ndiyo maana maDJ wa leo wanauchomeka katikati ya nyimbo mpya na watu wanaendelea kucheza bila kustuka.

Mashairi nayo yana uzito wake. Better Change Your Mind ya 1978 inayaambia mataifa makubwa kwamba dunia siyo mali yao. Why Go to War ya 1979 inauliza swali ambalo mtu wa Enugu wa rika lake alikuwa na haki zote za kuliuliza. Atomic Bomb jina lake linatisha, kumbe ni wimbo wa mapenzi.

Akaokoka, akanyamaza

Katikati ya miaka ya 1980 Onyeabor akaokoka. Albamu ya mwisho, Anything You Sow, ilitoka 1985, na baada ya hapo basi. Muziki wa zamani aliuweka kando na waliomuuliza habari zake hawakupata majibu.

Wengi husimulia hapa kana kwamba mtu aligeuka ghafla. Lakini sikiliza Good Name ya 1983, wimbo unaosema jina jema ni bora kuliko dhahabu na fedha. Hayo yametoka kwenye kitabu cha Mithali. Hata jina la albamu ya mwisho, kuhusu kuvuna ulichopanda, ni la Biblia. Mahubiri yalishaanza kwenye santuri zenyewe.

Aligeukia biashara, ikiwemo ya kusaga unga, akapata utajiri na cheo cha chifu mkuu. Kwa watu wa Enugu hakuwa amepotea hata siku moja. Alikuwa tajiri wa mjini anayefahamika, mwenye jumba kubwa.

Waliompoteza ni watu wa mbali. Santuri zake zikawa dili kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na pengo la habari likajazwa na hadithi: eti alisomea filamu Urusi, eti alisomea sheria Uingereza. Kila mtu alikuwa na lake, na mwenyewe hakukubali wala kukanusha kwa namna ya kueleweka.

Swali likawa jina la albamu

Luaka Bop, lebo ya New York iliyoanzishwa na David Byrne, ilitaka kutoa mkusanyiko wa nyimbo zake. Mwandishi na mtafiti Uchenna Ikonne alikwenda Enugu kumtafuta. Watu wa lebo nao wakafunga safari. Kazi ilichukua miaka kadhaa, maana mzee alikuwa radhi kuongelea dini kuliko kinanda.

Mkusanyiko ulitoka Oktoba 2013, na kwa kuwa majibu hayakupatikana, ukapewa jina la swali lenyewe: Who Is William Onyeabor?

Hapo pana la kujadili. Fumbo liliuza, hakuna ubishi. Lakini mtu anayekataa kuongea hajawa fumbo kwa sababu hiyo tu. Onyeabor alikubali nyimbo zitolewe upya, akakataa kurudi kuwa yule mtu wa kwenye jalada. Mashabiki wengi walichukulia kukataa kwake kama sehemu ya burudani, wakati yeye aliona ni suala la imani.

Desemba 2014 alilegeza kidogo, akakubali kuhojiwa na redio ya BBC 6 Music, mahojiano yanayotajwa kuwa ya kwanza ya redio maishani mwake. Alikuwa mchangamfu na mwenye maneno machache. Hadithi za kwamba siku moja atapanda jukwaani na ile bendi hazikutimia. Hajulikani kuwahi kufanya onyesho la jukwaani, hata enzi zake.

Alifariki nyumbani kwake Enugu Januari 16, 2017, akiwa na miaka 70, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Luaka Bop ndio waliotangaza msiba huo kwa dunia.

Ile albamu ya kwanza, Crashes in Love, ilitoka ikielezwa kuwa ni muziki wa filamu ya jina hilohilo. Filamu hiyo imetafutwa sana. Hakuna nakala inayojulikana, na wapo wanaoamini haikuwahi kupigwa hata picha moja.