Saa ya Westminster na Usiku Ilipovunjika

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti 1976, yapata saa kumi kasorobo, kishindo kikubwa kilisikika katika mnara wa saa wa Bunge la Uingereza mjini London. Wengine walidhani ni bomu. Kumbe saa yenyewe ndiyo iliyovunjika, na vipande vya chuma vilikuwa vimetapakaa chumbani.

Saa hiyo, ambayo wengi huiita Big Ben ingawa kwa haki jina hilo ni la kengele yake kubwa, ilianza kwenda tarehe 31 Mei 1859. Aliyeibuni hakuwa fundi saa bali mwanasheria, Edmund Beckett Denison. Sharti lilikuwa kwamba pigo la kwanza la kila saa lisikosee hata kwa sekunde moja, na mafundi wengi walisema jambo hilo haliwezekani.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Akrabu ya dakika ina urefu wa zaidi ya meta 4. Upepo na theluji huisukuma, na katika saa ya kawaida msukumo huo hufika hadi kwenye pendulamu na kuivuruga. Denison aliweka kati yake vikono viwili. Mtambo huviinua tu. Kisha huanguka kwa uzito wao wenyewe na kuisukuma pendulamu. Uzito haubadiliki, basi msukumo nao ni ule ule, hata dhoruba ikivuma. Ikihitajika kurekebishwa, sarafu moja ya zamani ya peni huwekwa juu ya pendulamu, na saa huongeza mwendo kwa sekunde 0.4 kwa siku!

Balaa la 1976 halikutoka huko. Kengele za robo saa huendeshwa na uzito wa zaidi ya tani moja unaoshuka ndani ya mnara, na mapanga yanayokata hewa huuzuia usishuke kwa kasi. Mhimili wa mapanga hayo, uliochoka kwa kazi ya miaka 117, ulikatika. Uzito ukaporomoka, magurudumu yakazunguka ovyo hadi yakapasuka.

Hakuna aliyejeruhiwa. Sehemu ya kuonyesha wakati haikuharibika sana, lakini mtambo wa kengele ulilazimika kujengwa karibu upya, na saa ilirejea kazini kikamilifu tarehe 9 Mei 1977.