Mama akiondoka, mgonjwa wa akili atalala wapi?

Karibu kila stendi ya mabasi nchini ina mtu wake. Nywele zimefungamana, amevaa makoti mawili kwenye jua la utosi, mkononi ana kiroba kilichojaa chupa tupu na makaratasi. Makonda wanamtania, mama lishe anampa ukoko ukibaki, watoto wanamkimbia. Wote wanamwita jina moja: kichaa.

Ni mara chache mtu huuliza alikuwa nani kabla ya hapo. Mtu huyo aliwahi kubebwa mgongoni, akapelekwa kliniki kupimwa uzito, akashonewa sare ya shule. Kati ya kitanda alicholalia utotoni na boksi analolalia sasa kuna safari ndefu, na mara nyingi safari hiyo hupitia nyumba kadhaa: ya wazazi, ya kaka, ya shangazi, kisha barabarani. Mzazi anayeijua safari hiyo anaweza kumrudisha mwanawe kabla hajafika mwisho wake.

Ugonjwa huanza nyumbani

Shirika la Afya Duniani (WHO) limewahi kukadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, sawa na watu milioni 24, anaishi na skizofrenia, mojawapo ya magonjwa makali ya akili. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana hadi miaka ya ishirini, na kwa wanaume huwahi zaidi kuliko kwa wanawake. Huo ndio umri ambao kijana anamaliza sekondari, anaingia chuo au anatafuta kazi mjini.

Ugonjwa huu haupigi hodi. Kijana aliyekuwa mcheshi anaanza kujifungia chumbani. Halali usiku, haogi, anaacha masomo ghafla. Anakataa chakula akidai kimetiwa sumu, anaamini majirani wanamsema redioni, au anajibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Nyumbani husema ni bangi, ni ukaidi, au amerogwa. Bangi kweli inaweza kuchochea ugonjwa huu, hasa kwa anayeianza akiwa mdogo, lakini wapo wengi wanaougua bila kuigusa.

Hapo ndipo miezi hupotea. Mgonjwa anazungushwa kwa waganga na kwenye maombezi, mbuzi na shamba vinauzwa, na anapofika hospitali ameshapoteza shule, kazi na marafiki. Familia kumwombea mtoto wao si kosa. Kosa ni kusubiri dua zimalizike ndipo dawa zianze, kwa sababu kadiri ugonjwa unavyokaa bila tiba ndivyo unavyokuwa mgumu kutulia.

Familia huchoka kidogo kidogo

Ni nadra familia kumfukuza mgonjwa siku moja. Anapata dawa, anatulia, anaanza hata kuosha vyombo na kwenda dukani. Kisha anaziacha. Pengine zinamletea maudhi: mikono kutetemeka, mwili kunenepa, usingizi wa mchana kutwa. Pengine zimekwisha kwenye kituo cha karibu na nauli ya kwenda mbali haipo. Pengine anajiona amepona.

Ugonjwa unarudi. Anavunja vyombo, anampiga mdogo wake, anatoka usiku wa manane. Mwenye nyumba anatoa notisi. Kaka aliyempokea ana watoto wadogo na mke anayelala kwa hofu. Anapelekwa kijijini kwa bibi, ambaye naye hana nguvu za kumshika. Wengine hufungwa kamba au minyororo, jambo linaloumiza mwili na kuongeza ugonjwa. Siku moja anaondoka na hakuna anayemfuata. Wapo ndugu wanaoshusha pumzi siku hiyo, kisha wakaishi miaka wakionea aibu ile pumzi.

Katika familia nyingi, anayemzuia mgonjwa asifike huko ni mtu mmoja tu, na mara nyingi ni mama. Ndiye anayehesabu vidonge, anayekumbuka tarehe ya kliniki, anayejua neno la kumtuliza akianza kufoka. Mama huyo akifariki, matanga yakishaanuliwa, kikao cha ukoo kinakaa. Nyumba inauzwa, urithi unagawanywa, na fungu la mgonjwa anakabidhiwa ndugu mmoja “amtunzie”. Miezi michache baadaye mgonjwa yuko stendi.

Ugonjwa alikuwa nao miaka mingi na bado alikuwa na pa kulala. Kilichomtoa nyumbani ni kwamba hakukuwa na mtu wa pili aliyejiandaa kumshika.

Barabara nayo huleta ugonjwa

Wapo pia wanaofika barabarani wakiwa na akili timamu: mtoto aliyekimbia kipigo, mjane aliyenyang'anywa nyumba, kijana aliyekuja mjini akakosa kazi. Kulala barazani ni kulala jicho moja likiwa wazi. Mvua, njaa, kupigwa na kubakwa huzaa sonona na hofu isiyoisha. Pombe na gundi hutumika kufukuza baridi, nazo huharibu zaidi.

Kwa aliyekuja na ugonjwa, barabara hufunga mlango wa tiba. Hana pa kuweka dawa, hana maji safi ya kumezea, kadi ya kliniki imelowa na kupotea. Wanawake wako kwenye hatari kubwa zaidi. Wapo wanaojikuta wajawazito bila hata kuweza kueleza ni nani aliyewafanyia hivyo.

Ndiyo maana mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis, jijini New York, Marekani, aligeuza utaratibu uliozoeleka. Badala ya kumtaka mgonjwa atulie kwanza ndipo apewe makazi, alianza na makazi, na tiba ikamfuata humo. Canada iliupima mpango wa aina hiyo kati ya 2009 na 2013 katika miji 5, kwa watu zaidi ya 2,000. Waliopewa nyumba kwanza walidumu kwenye makazi kuliko waliopata huduma za kawaida.

Wazo la kuunganisha makazi na tiba si geni hapa nyumbani. Tanzania ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili kama Hombolo, Dodoma, na Vikuruti, Dar es Salaam, ambako walilima huku wakitibiwa. Lakini vijiji vya namna hiyo ni vichache, na mzigo mkubwa umebaki kwa familia.

Mzazi afanye nini?

Wahi hospitali. Anza na kituo cha afya cha karibu uombe rufaa ya hospitali ya wilaya au mkoa. Wenye hali ngumu hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Dawa zikimsumbua, mwambie daktari abadilishe kabla mgonjwa hajaziacha. Kwa anayesahau vidonge, ulizia sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi. Ukikwama gharama, fika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo.

Usiubebe mzigo peke yako. Angalau watu wawili zaidi wajue jina la dawa, kipimo chake, tarehe ya kliniki na dalili za kwanza za ugonjwa kurudi. Mpe kaka au dada yake zamu ya kumpeleka kliniki ukiwa bado una nguvu, mgonjwa amzoee.

Panga kitanda chake mapema. Itisha kikao cha familia ukiwa hai na uandike wosia unaotaja chumba chake na atakayemwangalia. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kuweka msimamizi wa mali ya mtu asiyeweza kujisimamia kwa sababu ya ugonjwa; watoa msaada wa kisheria wanaweza kukuelekeza.

Akipotea, usisubiri arudi mwenyewe. Toa taarifa polisi ukiwa na picha yake, mjulishe mwenyekiti wa mtaa, na mtafute stendi, sokoni na kwenye wodi za wagonjwa wa akili. Siku za mwanzo anakuwa bado hajaenda mbali.

Na yule wa stendi yenu, ambaye hamjui kwao, mtaarifu afisa ustawi wa jamii wa kata. Watoto wakimrushia mawe, waite na uwaambie kuwa yule ni mgonjwa, na huenda kuna mtu anamtafuta.

Kwa familia yenye mgonjwa nyumbani, lipo swali la kuulizana jioni ya leo, wote wakiwa mezani: mama akilazwa wiki mbili, nani mwingine anajua dawa zinakaa wapi?