Kliniki ndogo za macho zikinunua pamoja, nawe utanufaika

MAPEMA mwaka huu alinijia mama mmoja wa Kitale, fundi cherehani wa miaka 46, akilalamika kwamba kichwa kilimuuma kila jioni. Nilipima presha ya damu, nikapima malaria, nisione kasoro. Ndipo nikampa uzi na sindano. Alijaribu mara nne, akacheka, akasema kwamba binti yake ndiye humtungia.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza ulaini wake, na mtu hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Tiba ya kawaida ni miwani. Mama huyu alikuwa amekwisha kupimwa na kuandikiwa, lakini alipotajiwa bei alirudi nyumbani kuifikiria. Aliifikiria kwa miezi minane.

Hasara yake si kichwa tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wanavijiji wa Bangladesh waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mapato yao kwa takriban thuluthi moja katika miezi minane.

Kwa nini bei huwa juu?

Usiharakishe kumwita mwenye kliniki mlafi. Nguvu za lenzi hupanda kwa robo robo, na macho mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Kliniki ndogo ya Kitale au Bungoma haiwezi kuweka akiba ya kila namba, kwa hivyo huagiza jozi moja moja kutoka Nairobi na kulipia usafirishaji wa kila kifurushi. Kwa muuzaji wa jumla, huyo ni mteja mdogo asiye na nguvu ya kudai punguzo. Mzigo huo hatimaye unaubeba wewe.

Wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia wanalijua jambo hili. Anayenunua mfuko mmoja wa mbolea dukani hulipa zaidi ya wale waliochanga pesa na kuagiza lori zima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kikundi cha ununuzi hufanya vivyo hivyo. Kila kliniki hubaki mali ya mwenyewe, na jina lake halibadiliki. Kinachounganishwa ni maagizo ya lenzi, fremu na vifaa. Katika vikundi vingine, kikundi ndicho hununua na kuwadai wanachama. Katika vingine, kikundi hupatana bei tu, kisha kila mmoja hulipa ankara yake.

Nchini Kenya wazo hili si geni. Mwaka 1986 makanisa ya Kikatoliki na Kiprotestanti yaliunda shirika la MEDS ili kununua dawa na vifaa kwa wingi kwa niaba ya vituo vyao vya afya, hata vile vidogo vya mashambani.

Kabla ya kujiunga

Iwapo wewe ndiwe mwenye kliniki, piga hesabu kwanza. Tuchukue mfano: kikundi kinakupunguzia shilingi 300 kwa kila jozi ya lenzi, na ada yake ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Ukiuza jozi 30, utaokoa shilingi 9,000, na baada ya ada utabaki na 6,000. Ukiuza jozi nane tu, utaokoa shilingi 2,400, nayo haitoshi hata kulipa ada.

Uliza pia: Je, kuna kiwango cha chini cha kununua kila mwezi? Ninaruhusiwa kununua kwingine mgonjwa wangu akihitaji lenzi ambayo kikundi hakina? Mwanachama mmoja akishindwa kulipa, deni litaangukia nani? Lenzi mbovu hurudishwaje? Nikitaka kutoka, nitoe notisi ya muda gani? Majibu yote yaandikwe.

Mambo mawili yasisahaulike. Kwanza, kununua pamoja si kupanga pamoja bei ya kumuuzia mgonjwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza washindani kupanga bei. Pili, dawa za macho zinunuliwe tu zikiwa zimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, hata kama nyingine ni rahisi.

Wewe mgonjwa ufanye nini?

Unapopimwa, omba vipimo vyako kwa maandishi ili uweze kulinganisha bei kwingine. Uliza bei ya lenzi na bei ya fremu kando kando. Muulize mwenye kliniki, kwa heshima, kama hununua pamoja na wenzake, na kama punguzo hilo linakufikia.

Tena, usitosheke na miwani ya kuokota barabarani bila kupimwa. Ukishapita miaka 40, omba upimwe presha ya jicho na utazamwe mshipa wa jicho kwa ndani. Glakoma huiba nuru polepole bila maumivu, na nuru iliyopotea hairudi. Miwani, iwe rahisi au ghali, haiizuii.

Yule fundi alilipa kwa awamu tatu. Siku hizi hutunga uzi mwenyewe. Lakini ile miezi minane ya kushona kwa kubahatisha hakuna atakayemrudishia.