Kati ya Mavuno na Mbolea

Mapema miaka ya 2000, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio ya mbolea huko Busia, magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Mkulima alitengewa vipande vidogo ndani ya shamba lake, kimoja kikatiwa mbolea na kingine kikaachwa, na siku ya kuvuna alikuwepo mahindi yakipimwa. Baadaye wakulima hao waliulizwa kama wangetumia mbolea msimu unaofuata. Karibu wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotimiza azma hiyo walikuwa asilimia 37 hivi.

Hesabu hiyo inastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu inakata njia za mkato ambazo wengi wetu huzipita tunapoeleza kwa nini huyu amefika na yule hakufika. Tumezoea kusema aliyeshindwa hakujua, au hakutaka kwa dhati, au ni mvivu. Wakulima hawa walijua, kwa kuwa walikuwa wameyaona mavuno kwenye udongo wao. Walitaka, na walisema hivyo bila kushurutishwa. Kuhusu uvivu, mtu anayepalilia mahindi mara mbili kwa jembe la mkono, chini ya jua la Busia, sioni ni kwa kipimo gani anaweza kuitwa mvivu.

Inabaki hoja ya umaskini, ambayo ni nzito na siipuuzi. Lakini hata hiyo, katika jambo hili, haifanyi kazi kwa namna tunavyoifikiria. Mbolea haikulazimu mtu kununua gunia zima, kwani madukani iliweza kupimwa kidogo kidogo. Kipimo kilicholipa vizuri zaidi katika majaribio yale kilikuwa nusu kijiko cha chai kwa kila shina, mahindi yakiwa yameshachipua na kukua kiasi. Familia nyingi zilikuwa na fedha ya kununua kiasi cha kutosha angalau sehemu ya shamba. Tatizo ni kwamba zilikuwa nayo mwezi mwingine.

Hapa ndipo ufunguo wa jambo ulipo. Fedha ya mkulima huja mara moja, mahindi yakishavunwa. Mbolea huhitajika miezi kadhaa baadaye. Katikati ya siku hizo mbili kuna karo ya shule, mtoto anayeugua usiku, msiba wa upande wa mama, bati lililotoboka, na ndugu anayekuja na shida ya kweli. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la anasa, na ukimhoji mwenye nyumba kuhusu kila shilingi iliyotoka, atakupa sababu utakayoikubali. Juu ya hayo kuna safari ya kwenda sokoni au mjini kuinunua mbolea yenyewe, usumbufu mdogo tu, lakini unaotosha kumfanya mtu aseme atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ina mambo yake. Hakuna siku hata moja ambayo mkulima huyu anaamua kutotumia mbolea. Anaahirisha tu, na kila mara kwa sababu njema, mpaka siku ya kuweka mbolea inafika akiwa mikono mitupu.

Watafiti wale walijaribu dawa ndogo ajabu. Katika mpango ulioitwa SAFI, mtu alimtembelea mkulima mara tu baada ya mavuno, akampa nafasi ya kulipia mbolea papo hapo kwa bei ya kawaida na kuletewa hadi nyumbani bila gharama ya usafiri. Nafasi ilidumu kwa muda mfupi, kisha ikafungwa. Hapakuwa na mkopo, na bei haikupunguzwa. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa karibu nusu ya kiwango cha wale ambao hawakutembelewa. Nafasi hiyohiyo ilipotolewa baadaye, karibu na wakati wa kuweka mbolea, haikuleta badiliko la maana. Ili kupata matokeo yanayokaribia yale ya baada ya mavuno, ilibidi bei ya mbolea ikatwe kwa nusu.

Kinachonigusa zaidi ni kundi lililopewa hiari ya kuchagua lini muuzaji aje. Kwa hesabu za kawaida, mtu angechagua aje mwishoni kabisa, ili fedha ibaki mkononi kwa muda mrefu. Karibu nusu yao waliomba aje mapema, mavuno yakiwa bado mabichi. Waliifahamu hatari iliyokuwa mbele yao. Walijua kwamba fedha ikikaa ndani itaitwa na kila anayepita, wakataka ifungwe kabla haijaitwa. Ninaona katika uamuzi huo akili kubwa kuliko katika hotuba nyingi za kuhimiza watu wawe na nidhamu.

Jambo hili haliwahusu wakulima peke yao. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliwahi kuwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike ripoti fupi juu ya mkesha wa Krismasi ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo. Wote walikubali. Zaidi ya theluthi mbili ya waliotakiwa pia kutaja saa na mahali watakapokaa kuiandika waliimaliza kwa wakati, na katika wale ambao hawakutakiwa kutaja, ni theluthi moja tu waliofanya hivyo. Hakuna aliyepewa somo la bidii wala kuongezewa hamu. Uamuzi ulifanywa mapema, kichwa kikiwa kimetulia, na saa ilipofika hapakuwa na la kujadili.

Hata hivyo, kufunga mlango peke yake hakutoshi, na hili limeonekana Kenya hiyohiyo. Mchumi Pascaline Dupas, akishirikiana na Robinson, aliwapa wanachama wa vyama vya kuchangiana, magharibi mwa nchi, visanduku vya chuma vya kuweka akiba ya afya. Wengine waliachiwa ufunguo. Wengine ufunguo ulikaa kwa ofisa wa mpango, na sanduku lingefunguliwa tu lengo likifikiwa. Ungetarajia la pili lishinde, lakini katika kununua vitu vya kinga kama vyandarua ni lile la kwanza lililosaidia. Watu waliogopa kutia fedha mahali ambapo mtoto akipata homa usiku hawawezi kuifikia, na hofu hiyo ilikuwa halali kabisa. Lililofanya vizuri kuliko yote lilikuwa chungu cha afya cha kikundi: wanachama walichangia kila wanapokutana, na kwa zamu mmoja akapewa fedha anunue kifaa alichokitaja mapema. Hapo kuna tarehe, kuna lengo lenye jina, na kuna watu wanaosubiri kuona.

Waliokaa kwenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, watautambua mpangilio huo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hisa hununuliwa siku ya mkutano, mbele ya wote, na anayechelewa hutozwa faini. Mama anayeshindwa kuficha elfu kumi nyumbani kwa wiki moja ananunua hisa mwaka mzima bila kukosa. Moyo wake ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana jibu la kumpa anayekuja kukopa: fedha iko kwenye kikundi.

Niseme pia kwamba si kila lengo lililoachwa njiani lilistahili kufikiwa. Katika majaribio ya Busia, kifurushi kamili cha pembejeo kilichopendekezwa na wizara ya kilimo, chenye mbegu za kisasa na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, hakikumlipa mkulima wa kawaida. Nusu kijiko kililipa. Aliyekikataa kifurushi kizima alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa, na ingekuwa dhuluma kumhesabu miongoni mwa walioshindwa.

SAFI ilipokoma, matumizi ya mbolea hayakubaki juu. Wapo watakaosema basi wakulima hawakujifunza kitu. Mimi naona hapakuwa na somo walilokuwa wamelikosa. Kilichoondoka ni mtu wa kubisha hodi siku ambayo fedha ipo. Ruzuku za mbolea katika nchi zetu hutangazwa kwa kishindo mvua ikiwa mlangoni, wakati fedha ya mavuno imeshakwenda shuleni na hospitalini, na hugharimu hazina mabilioni. Kuuza vocha ya mbolea pale mahindi yanapoanikwa, kwa bei ileile ya dukani, hakuhitaji sheria mpya. Chama cha ushirika chenye daftari la wanachama na lori moja la kukodi kinaweza kulianza jambo hilo mavuno yajayo.