Safari ya Kurudi West Nile Baada ya Kazi



Mwezi wa Desemba, siku ya mshahara wa mwisho wa mwaka, mzee mmoja wa kikosi cha wakata miwa aliingia katika ofisi ya tawi letu na karatasi mkononi. Alikuwa ametimiza miaka 55 ya umri na miaka 31 ya kazi katika shamba letu. Karatasi ile ilisema kwamba amelipwa haki zake zote na kwamba hana dai lo lote kwa mwajiri. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba lake, wino haujakauka sawasawa. Akaniuliza, "Katibu, nauli yangu ya kwenda Arua imeandikwa mstari gani?" Nikaisoma karatasi mara mbili. Haikuandikwa mstari wo wote.

Habari ya mzee huyu naileta katika ukurasa huu kwa sababu wengi wetu tuko nyuma yake katika foleni hiyo hiyo.

Tangu zamani mashamba ya miwa ya Uganda yamelimwa kwa mikono ya watu waliotoka mbali. Shamba la Lugazi lilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na lile la Kakira likaanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Waingereza, waliokuwa wameichukua West Nile mwaka 1914, waliifanya kuwa nchi ya kutoa vibarua. Kodi ilitozwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kusini. Basi Walugbara na Waalur wakateremka kwa miguu, kwa meli ya Pakwach hadi Butiaba, na baadaye kwa garimoshi, maana reli ilifika Pakwach mwaka 1964. Wazee wale wa kwanza walikuja kwa mkataba wa miezi. Mkataba ulipokwisha walirudi kwao na blanketi na baiskeli, wakaoa, wakalima. West Nile ilikuwa nyumbani, na kambi ya miwa ilikuwa mahali pa kupitia tu.

Kwetu sisi mambo yamegeuka. Mtu anakuja kijana, anaoa hapa hapa Busoga, watoto wanasoma hapa, wanasema Kisoga na Kiswahili cha kambini. Kwao anakwenda kwa mazishi tu. Mzee wetu katika miaka 31 alikwenda mara nne. Kwa hiyo anapostaafu na kusema "narudi nyumbani," kwa kweli anahamia mkoa mwingine, karibu kilomita 500 ng'ambo ya Kampala, mahali ambapo vijana hawamjui sura.

NAULI

Tulipofika kwa mkuu wa ofisi ya wafanyakazi alitujibu kwa upole kabisa. "Huyu hatukumleta sisi," alisema. "Alikuja mwenyewe, akaandikwa kazi langoni, na hapa anapoachia kazi ndipo alipoandikwa. Sasa tumrudishe wapi?"

Ni kweli kwamba mzee alijileta. Alipanda lori la tumbaku hadi Kampala na matatu hadi lango la shamba. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ina kifungu juu ya kumrudisha mfanyakazi alikotoka, na kifungu hicho lazima kisomwe hadi chini. Mwanzo wake kinasema juu ya mfanyakazi aliyeandikwa kazi mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Huyo ana haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri hadi mahali alipoandikiwa: muda wa mkataba unapokwisha, au kazi inapokatika kwa ugonjwa au ajali, au pande mbili zinapokubaliana kuachana (ila mkataba ukiwa umesema vingine), au kwa amri ya Ofisa wa Kazi au mahakama. Ofisi ilikuwa imeishia hapo kusoma. Mistari michache chini yake imeandikwa kwamba mfanyakazi aliyetumika kwa miaka 10 au zaidi atarudishwa kwa gharama ya mwajiri bila kujali aliandikwa kazi wapi.

Miaka 10. Mzee alikuwa nayo mara tatu na zaidi.

Na lile dole gumba? Sheria hiyo hiyo hairuhusu mwajiri na mfanyakazi wapatane kuondoa yale iliyoyaweka, isipokuwa pale inapotoa ruhusa yenyewe. Hata hivyo nawaambieni wazi, ni rahisi zaidi kudai kabla ya kuweka dole kuliko baada yake. Sisi ilituchukua wiki tano na safari tatu kwa Ofisa wa Kazi wa Wilaya, na wakati wote huo mzee alikuwa amekwisha kutakiwa kuiacha nyumba ya kambini. Alilala kwa mkwewe. Mwisho nauli ikalipwa.

Ikalipwa ya mtu mmoja. Juu ya jamaa ya mfanyakazi, sheria inasema watarudishwa wale ambao mwajiri ndiye aliyewaleta mahali pa kazi. Mke wa mzee ni Msoga, alimwoa hapa, hakuna mwajiri aliyemleta. Tena kulikuwa na mizigo: vitanda viwili, cherehani, sufuria, na mabati 20 aliyoyanunua kidogo kidogo, mawili leo, matatu mwaka kesho. Gharama ya kupakia vitu hivyo ilizidi nauli ya watu wote pamoja, naye aliilipa katika akiba yake.

Hapo sheria ilipoishia ndipo mapatano yetu na mwajiri yanapotakiwa kuanzia. Tawi limeandika dai kwamba mfanyakazi anayestaafu baada ya miaka 10 asafirishwe pamoja na mke au mume wake, watoto walio chini ya ulezi wake, na mizigo ya nyumbani. Tutasikia mwajiri atajibu nini.

SHAMBA LA BABA

Nauli ni ya siku moja, lakini shamba ni la miaka yote iliyobaki. Katika sehemu kubwa ya West Nile ardhi ni ya ukoo, na mtu hupata sehemu yake kwa sababu watu wanakumbuka kwamba baba yake alilima pale. Kumbukumbu hiyo ilivurugwa vibaya. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na zaidi tangu vita vya Oktoba 1980, watu wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporudi katika miaka ya katikati ya 1980, miti ya mpaka ilikuwa imekatwa na wazee wengine waliojua mipaka walikuwa wamezikwa ugenini. Waliokuwapo walilima walipoweza. Sasa mtu anatokea Busoga na mvi zake, anasema, "Kutoka mwembe ule hadi kijito ni kwa baba yangu," na mpwa wake anamwuliza, "Mwembe upi?"

Simlaumu mpwa. Amelima pale miaka 20, amelisha watoto wake pale.

Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinaitambua ardhi ya kimila, na mtu aweza kuomba hati ya umiliki wa kimila ikiwa kamati ya ardhi ya mahali na majirani wakithibitisha mipaka. Lakini hati haitangulii watu. Ndiyo maana mimi nasema likizo yako ndiyo shamba lako. Sheria inakupa siku 7 za likizo ya malipo kwa kila miezi minne ya kazi. Wako wenzetu wanaozimaliza siku hizo wakikata miwa ya wakulima wadogo hapa jirani, na fedha yake inakwisha kabla ya mwezi. Afadhali uende mwaka mmoja kati ya miwili, tena usiende kwa mazishi tu. Nenda na mtoto wako wa kwanza, kaeni na wazee wa ukoo, tembeeni mpakani pamoja nao na majirani wakiwapo. Panda miti. Miti iliyopandwa mbele ya macho ya watu haibishaniwi kwa urahisi.

Neno moja kwa wanawake wanaopalilia na kutia mbolea, ambao nao wanastaafu. Mwanamke aliyezaliwa West Nile akirudi bila mume, anarudi kwa kaka zake, na wapo kaka wanaosema dada hana shamba. Katiba inamhesabu sawa na mwanamume, lakini atahitaji mzee wa ukoo atakayesema hivyo mkutanoni, basi amtafute mzee huyo mapema. Na mwanamke wa Busoga anayemfuata mumewe ajue jambo hili: ardhi ambayo mume na mke wanaitegemea kwa makao na chakula haiwezi kuuzwa kisheria bila idhini ya mwenzi. Lakini ndoa nyingi za kambini zilifungwa bila mahari wala barua, na mke ambaye ukoo haumjui, siku mumewe akifa, aweza kujikuta stendi ya basi na mzigo wake. Wanaume, mtambulisheni mke kwa ukoo mkingali na nguvu na mshahara.

MVUA, FEDHA NA JINA

Huku karibu na ziwa tunalima misimu miwili. Kule kiangazi huanza Desemba na kufika hadi Machi, na ardhi huwa ngumu kama tofali. Mkataba ukiisha Desemba, mtu anafika Januari: hakuna cha kupanda, na ghala ya ndugu zake ndiyo ya kulisha hata wageni. Miezi sita ya kwanza utakula kwa fedha. Ukiweza kupatana na mwajiri uondoke Machi, fanya hivyo, na kama huwezi, tenga fedha ya unga kabla ya fedha ya kitu kingine cho chote. Na mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu au wa sukari asiondoke bila barua ya daktari inayotaja dawa zake, maana zahanati ya kambi haitamfuata.

Fedha yenyewe ni ile ya NSSF. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 10, na ukifika miaka 55 unalipwa yote kwa mara moja. Mtu wa miaka 50 aliyekaa mwaka mzima bila kazi naye aweza kuomba. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyeweka akiba kwa miaka 10 aweza kuchukua hadi asilimia 20 mapema. Wengine wameichukua wakamnunulia mpwa pikipiki. Mimi singefanya hivyo. Wengine wamejenga nyumba kule na kuifunga kufuli, wakarudi kazini, na mchwa wakahamia. Ukijenga, weka mtu ndani. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wajue pia kwamba NSSF ina malipo kwa mwanachama anayeondoka Uganda moja kwa moja, basi waulize kabla ya kuvuka mpaka.

Jambo la jina linasumbua kuliko yote. Siku ile ya langoni karani alimwandika mzee wetu alivyomsikia, na karani hakuwa Mlugbara. Kitambulisho cha taifa kinasema jina moja, kadi ya kazi jina jingine. Kulitengeneza kulichukua kiapo kwa wakili na safari mbili za Jinja. Linganisha karatasi zako leo, wakati unalala bado katika nyumba ya kambi.

Wapo watakaobaki hapa, nao hawakosei. Mwenye watoto na wajukuu Busoga, na asiye na mtu wa kumkumbuka kule, heri anunue kiwanja kidogo karibu na mji. Anunue kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa LC1 na majirani, na mke wa muuzaji naye aweke sahihi.

Mzee alinipigia simu mwezi wa Aprili. Mvua ilikuwa imeanza, naye alikuwa amepanda muhogo na maharage katika sehemu ya juu ya shamba, ile ambayo mpwa wake alikubali kuiachia. Sehemu ya chini, karibu na kijito, wazee wa ukoo wataizungumza baada ya mavuno. Mabati yamekwisha kuezekwa. Mkewe anauza mandazi mbele ya shule na anaelewana na jirani zake kwa Kiswahili, huku anajifunza Kilugbara kwa watoto wa shule, ambao wanamcheka sana. Halafu akaniuliza kama lile dai la mizigo limekwisha kufika mezani kwa mwajiri. Nikamjibu kwamba limo katika orodha, ni la saba, na mkutano ni mwezi wa Juni.

"La saba?" akasema. "Lipandishe juu kidogo."