Kutembea kwa Mashua katika Ziwa Baringo

Watu wa Eldoret watakao kustarehe siku moja majini pamoja na rafiki zao huenda Ziwa Baringo. Njia yapita Iten na Kabarnet, kisha yashuka mpaka Marigat na Kampi ya Samaki. Eldoret iko juu ya bahari kiasi cha mita 2,100, na ziwa liko karibu mita 970 tu. Kwa hiyo joto humlaki msafiri. Achukue kofia na maji ya kunywa.

Mgeni hushangaa kuona maji yamefanana na chai ya maziwa. Sababu yake ni udongo. Mvua inyeshapo, mito kama Molo na Perkerra huchukua udongo wa malisho yaliyokwisha nyasi, ikaumwaga ziwani. Walakini maji hayo si ya chumvi, ingawa hakuna mto uonekanao ukitoka humo. Wenye elimu ya miamba hueleza kwamba maji hupenya chini kwa chini katika nyufa.

Asubuhi maji hutulia. Nahodha hupiga mluzi, akarusha samaki, na furukombe hushuka akamnyakua. Samaki huyo ametiwa kijiti chepesi ili aelee. Wageni wengi hawaijui siri hiyo! Wavuvi wa kabila la Ilchamus nao huonekana wameketi juu ya vyombo vidogo vya mti wa ambachi, wala hawaonyeshi hofu ya mamba. Katika kisiwa cha Ol Kokwe zimo chemchemi za maji ya moto. Mtoto asiachwe kuzikaribia.

Lakini iko hatari isiyoonekana. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa lilianza kupanda, na mwaka 2020 lilifunika nyumba, hoteli na barabara za kandokando. Miti iliyozama ilikufa, na visiki vyake husimama ndani ya maji yale ambayo jicho haliwezi kupenya. Mashua iendayo mbio ikigonga kisiki huweza kutoboka au kupinduka. Basi mchagueni nahodha mwenyeji, ajuaye palipokuwa na barabara na palipokuwa na miti, wala msimharakishe. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha na kulifunga kabla ya kuondoka ukingoni. Kulikalia kama mto, wafanyavyo vijana wengine, hakufai kitu. Chombo kikijaa, ngojeni cha pili.

Alasiri upepo huweza kuvuma na kuinua mawimbi ghafula. Nahodha akisema, “Turudi,” msimbembeleze awape mzunguko mmoja zaidi.